Jina Juu ya Robota

Sanyuanli,
Guangzhou, China.
Jumapili, 15 Oktoba 2006.

Mpendwa Shangazi Albina,

Shikamoo, Shangazi. Nakuamkia kwa magoti kama ulivyonifundisha, ingawa hapa hakuna wa kuniona ila pasi ya umeme na lundo la sketi.

Hujambo lakini? Vipi goti lako la kulia? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Nakujua. Mvua za huko zimekuwaje, na migomba ya nyuma ya nyumba imeacha kuanguka? Najua senene wanakaribia. Hapa hakuna mtu wa kunielewa nikisema natamani senene. Wachina wanakula wadudu wa kila namna, lakini si hao.

Na Imelda wangu je? Jino la mbele limeota? Mwambie kwamba mama yake amepokea ile picha ya nyumba aliyoichora, ila aongeze mlango, maana sikuuona.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto limepungua kidogo. Mji umejaa watu kwa sababu ya maonyesho ya biashara, hata ngazi za jengo letu hazipitiki kwa masanduku ya wageni. Mwili ni mzima, Shangazi. Moyo ndio unaogombana na kila mtu.

Barua hii anakuletea Vedasto, yule mfanyabiashara wa Kashai anayenunua redio na feni. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, hapo hapo Kamachumu, hata kama atakukuta shambani. Asiiache dukani kwa Didas hata kwa dakika moja. Ikifika bahasha imefunguliwa, muulize Vedasto kulikoni, na kahawa usimpe.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu unayonipigia ni ya dukani kwa mume wangu. Jumapili iliyopita nilimsikia kabisa Didas akikohoa pembeni yako. Ukasema, "Felisia mwanangu, rudi nyumbani, mumeo amesema." Nami nikajibu, "Ndiyo, Shangazi." Ile ndiyo ilikuwa ya Didas. Jibu lako wewe ndilo hili.

Sirudi, Shangazi. Sirudi kwa ile tiketi waliyonikatia. Kaa chini kwanza, uvute pumzi, halafu usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Najua mmeambiwa nini. Mmeambiwa nimeharibiwa na vitabu vya Kihindi. Shemeji Protas alilisema neno hilo kwenye simu mbele yangu, kama vile anamwambia daktari jina la ugonjwa: "Kaka, ni vile vitabu vya Kihindi." Basi acha nikueleze vitabu vyenyewe, maana kusikia upande mmoja si haki.

Kuna binti anaitwa Sia, Mchaga wa Rombo. Serikali ya hapa imempa ufadhili wa shahada ya pili, na amepanga chumba kidogo kwangu kwa sababu mabweni yanamchosha. Anaandika tasnifu yake juu ya riwaya za Kihindi, zile za wanawake wanaojitafuta wao ni nani ndani ya nyumba ambamo kila neno la mwisho ni la mwanamume. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto wa Kichaga, katoka Rombo, kaja China, kusomea Wahindi! Nikamwambia, "Kwenu wanawake wote wamejipata, mpaka unaenda kuwatafuta wa wenzio?" Hakucheka. Akasema, "Da Felisia, nikiandika ya kwetu baba atasoma. Ya Wahindi hatashtuka."

Tangu siku hiyo nikampenda.

Mchana nikirudi kutoka soko la Shahe na nguo, tunakaa sakafuni tunakata nyuzi na kukunja, naye ananisimulia kwa Kiswahili kile anachosoma kwa Kiingereza. Nilianza kusikiliza kwa ajili ya kupoteza muda tu. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayemuuliza mlangoni, hata viatu hajavua, "Haya, yule mama jana tulimwacha wapi?"

Kitabu kimoja ndicho kilichoniingia. Nakala yake ni ya kutoa fotokopi, haina hata jalada, na jina lake silijui. Ni habari za msichana anayeitwa Sumati, wa upande wa magharibi wa India. Siku ya harusi yake linaletwa sinia la mchele. Bwana harusi anachukua pete, anaandika kwenye mchele jina jipya la mke wake. Siyo jina la ukoo, Shangazi. Jina lake lenyewe, lile analoitiwa chakula. Ameingia Sumati, ametoka Rohini. Mama mkwe anausawazisha mchele kwa kiganja, wanakwenda kuupika, wanakula.

Niliacha kukunja. Nikamwambia Sia, "Rudia hapo kwenye mchele." Akarudia.

Basi huyo Rohini anakaa kwa wakwe. Ana mkono mzuri wa achari ya ndimu, mpaka mji mzima unatuma watu kuja kununua, na kila chupa imebandikwa jina la baba mkwe. Miaka inakwenda. Siku moja yuko kituo cha treni, rafiki yake wa shule anamwona kwa mbali, anaita kwa nguvu, "Sumati! Sumati!" Naye hageuki. Anapita zake na kikapu. Rafiki yake akadhani amemfananisha.

Shangazi, nililia. Mimi ambaye hata kwenye msiba wa mama mkwe wa dada yangu nilijipaka mate machoni, nililia kwa ajili ya mwanamke wa kwenye karatasi. Halafu nikakasirika, maana nilijua vizuri sana ninamlilia nani.

Sasa nikueleze habari ya maki, ili uelewe ugomvi umetoka wapi, kwa sababu najua Didas alikueleza nusu.

Hapa mzigo ukishafungwa robota haujulikani ni wa nani. Sote tunanunua kule kule Shahe, tunafunga kwa mifuko ile ile. Kwa hiyo kila robota linapakwa rangi nyeusi kupitia karatasi ngumu iliyotobolewa herufi, na jina hilo ndilo tunaloliita maki. Kwa maki mzigo unapakiwa, kwa maki unatafutwa bandarini, na kwa maki hiyo wateja wa Mwanza na Bukoba wanaambiana, "Mzigo wa fulani umeingia, kimbia." Mwenye maki nzuri hahitaji tangazo. Maki yetu tangu mwanzo ilikuwa DIDAS BUKOBA.

Didas amekanyaga Guangzhou mara moja tu. Chakula kilimkataa, akasema watu wanapiga kelele, akakaa chumbani na redio, akarudi kwao. Tangu hapo ni mimi. Mimi ndiye ninayejua kitambaa kinachochuja na kisichochuja. Mimi ndiye niliyegundua saizi kubwa ya hapa ni saizi ndogo ya kwetu, nikawalazimisha wanishonee zetu. Watu wa Bukoba wakisema Didas ana jicho la nguo, jicho lenyewe ni hili langu, linawasha kwa vumbi la pamba.

Na huku sokoni naitwa nani? Laobanniang. Maana yake mke wa bosi. "Mke wa bosi, njoo uone blauzi mpya!" Bosi mwenyewe yuko Bukoba anacheza bao.

Mwezi wa nane nilikuwa uwanjani, kwenye ofisi ya kago inayotusafirishia, tunafunga mzigo. Yule fundi mpaka rangi akanyanyua karatasi ya Didas kama siku zote. Neno likanitoka lenyewe, nikasema, ngoja. Nikamwambia akate nyingine. FELISIA BUKOBA. Alipoinua ile karatasi na herufi zikabaki pale juu ya robota, nyeusi, bado mbichi, niliziangalia mpaka akaniuliza kama amekosea. Rangi ilinidondokea kwenye kiatu. Sijaifuta hadi leo.

Sikumuuliza Didas. Hilo ndilo kosa langu lote wanalolizungumza, na wewe uniambie kama linatosha kuitisha kikao cha ukoo.

Mzigo ulipofika walimcheka. Nasikia mtu mmoja alimuuliza pale dukani, "Bwana Didas, siku hizi umeolewa?" Sketi ziliisha zote, Shangazi. Hakuna mteja hata mmoja aliyerudisha sketi kwa sababu ya jina. Lakini Didas alinipigia simu, akasema, "Nani amekupa ruhusa?" Hakuuliza nimeshindaje. Hakuuliza kama nimekula. Nani amekupa ruhusa, basi, akakata.

Ndipo akamtuma Protas.

Protas alikuja mwanzoni mwa mwezi huu na begi moja na kahawa ya kutafuna uliyonitumia. Ahsante kwa kahawa, naitafuna sasa hivi. Akakaa kwenye kochi langu, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, Kaka amesema umechoka. Urudi nyumbani upumzike, utuzalie na mtoto wa kiume. Huku nitashika mimi." Nipumzike! Kama ng'ombe aliyekaukiwa maziwa. Nikajikaza, nikamwambia, "Karibu chakula, Shemeji."

Nilipokuwa jikoni akaomba pasipoti yangu, akakate tiketi. Nikampa. Shangazi, nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, mwiko nimeushika mkono wa pili, kwa sababu shemeji akiomba kitu hunyimi. Ndivyo nilivyolelewa, na wewe ndiye uliyenilea. Tiketi ikakatwa, ya Jumamosi ijayo. Pasipoti haikurudi. Kila nikiuliza anasema, "Ipo salama, Shemeji," anapigapiga mfuko wa koti.

Pengine huko haieleweki maana yake. Hapa mgeni hatoki nje bila pasipoti. Askari wanasimama pale penye kituo cha treni, wakikuomba huna, unakwenda nao. Mlango wangu haukuwa na kufuli, na mimi sikuweza kutoka. Nikakaa ndani wiki nzima nikipiga pasi sketi za watu na kumpikia Protas, naye akilalamika ndizi za huku hazipikiki. Ni kweli hazipikiki. Nilimpikia hivyo hivyo.

Katikati ya wiki Didas akapiga. Akasema nisipopanda ndege hiyo, Imelda anatoka kwako anapelekwa kwa mama mkwe wangu. "Mtoto ni wa ukoo," akasema. "Wewe baki na maki yako." Nilikaa chini pale pale jikoni. Na nikakubali, Shangazi. Sikufichi. Siku ile nilitoa sanduku uvunguni, nikaanza kupanga nguo.

Sia alirudi kutoka chuoni akanikuta napanga. Akakaa akaanza kunisaidia kukunja. Nikamwambia angalau anisimulie mwisho wa kile kitabu, nisije nikaondoka sijui yule mama aliishia wapi.

Akanisimulia. Siku moja Rohini anamaliza kuandaa chakula cha mchana cha nyumba nzima, anafunika vyungu, anafungua mlango wa mbele, anatoka. Mwisho.

"Mwisho wapi?" nikamuuliza. "Anakwenda wapi?"

"Kitabu hakisemi."

Haki ya Mungu nilipandwa na hasira, nikatupa sketi chini. Hakisemi! Atalala wapi? Ana nauli? Yule mtoto wake aliye shuleni atarudi akute nani? Zile chupa za achari anamwachia mkwe, na mkono wote ule aliouzeesha humo ndani? Nilimgombeza Sia kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Naye akagombeza pia, kumbe ana mdomo! Akasema sielewi alikotoka yule mwandishi. Akasema katika hadithi nyingi za zamani za kwao mwanamke wa namna hiyo alikuwa anaishia kisimani au kwenye moto, au anapiga magoti anasamehewa, msomaji anafuta machozi na kufunga kitabu. Kumfikisha tu mlangoni akiwa hai, akasema, kuna waandishi wanawake walitukanwa kwa ajili ya hatua hiyo moja.

Nikaiokota ile sketi. Nikauliza, "Na wanaoandika siku hizi?"

Akafikiri, akasema, "Wengine wanamrudisha ndani, Da Felisia. Lakini anarudi kwa miguu yake, na anakaa anapotaka kukaa. Hao ndio wananisumbua kwenye tasnifu. Profesa wangu ananiuliza huko ni kushinda au ni kushindwa, na mimi sijui."

Mimi nilijua. Sijasoma tasnifu, ila nilijua. Nikazitoa nguo kwenye sanduku.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi Ijumaa, kabla hujayasikia kwa Didas yakiwa yametiwa chumvi.

Protas alikuwa amekwenda Shahe peke yake kuchukua mzigo wa Krismasi, magauni ya watoto niliyoagiza tangu mwezi wa tisa. Yule mama mwenye kibanda akamtazama, akamwambia, meiyou. Hakuna. Magauni yamejaa nyuma yake mpaka darini, yeye anasema hakuna. Hamjui Protas, ananijua mimi. Protas akarudi ameloa jasho, akasema, "Shemeji, twende wote." Pasipoti akaibeba yeye, mfukoni. Nikatembea nyuma yake kama mtoto anayepelekwa sindano, naye askari walipotusimamisha pale penye kituo cha treni akawaonyesha zote mbili.

Yule mama aliponiona alitoa magauni yote bila neno. Mchana tukawa uwanjani Sanyuanli, marobota yamefungwa, kontena la Krismasi linafungwa saa kumi na moja. Ukilikosa hilo, magauni yako yanafika Bukoba watu wameshatoka kanisani.

Yule mpaka rangi alikuwa na karatasi zote mbili mkononi, ya Didas na yangu. Akanitazama. Protas akasema kwa sauti, "Didas. Zote Didas."

Nikakaa juu ya robota.

Usifikiri ulikuwa ushujaa. Sikuwa nimepanga lolote. Lakini nilipokaa nikaona hakuna anayeweza kupaka rangi, maana nimekalia penyewe. Protas akasema, "Shemeji, shuka." Nikamwambia, "Pasipoti yangu." Akasema tutaongea nyumbani. Nikasema, "Nyumbani tumeongea wiki nzima. Pasipoti yangu, Protas." Sijawahi kumwita shemeji yangu kwa jina mbele za watu. Nililisikia likitoka, nikashtuka mimi mwenyewe.

Watu wakaanza kusogea. Unajua watu wetu kwa kutazama. Kuna Mkenya mmoja anayefunga mizigo ya simu akapaza sauti, "Wachana na yeye bana, madam amekalia mzigo yake!" Wakongo wakacheka. Protas akainama karibu na sikio langu, akasema unatuaibisha. Nikamwambia, "Aibu niliyonayo ni ya kuogopa askari nikienda kununua chumvi. Hii ya kukaa hapa naiweza. Nitakaa mpaka kontena liondoke, na wewe utamweleza kaka yako Krismasi imekwenda wapi."

Alikuwa karibu kulia, maskini. Akasema, "Kaka ataniua." Nikamwonea huruma, kweli nilimwonea, maana hata yeye katumwa, hata yeye hana lake. Lakini sikushuka.

Akaitoa. Aliiweka juu ya robota pembeni yangu, hakunipa mkononi. Niliichukua nikaifungua kuhakikisha sura ni yangu. Nikashuka.

Yule mpaka rangi akauliza, jina gani? Hapo ndipo pa kusikiliza, Shangazi, kwa sababu watakwambia nimemwibia mume wangu. Marobota ya mtaji wa duka nilimwambia aandike DIDAS. Yale niliyoyanunua kwa faida ya mzigo wangu wa mwezi wa nane, FELISIA. Yamepangwa kwenye kontena moja, yanaegemeana, na rangi ni moja. Didas hakupoteza hata kifungo. Anataka kuniacha kwa hilo, aniache. Ila asiseme niliondoka. Mimi sijatoka mlangoni.

Protas bado yuko hapa. Jana nilimpeleka mtaa wa Dengfeng, tukala wali na maharage kwa mama mmoja wa Kimalawi, akala sahani mbili. Hatujaongea sana. Leo asubuhi ameniuliza kitambaa kinachochuja kinajulikanaje, nikamwonyesha: unalowesha ncha, unasugua kwenye karatasi nyeupe. Akikaa atajifunza. Nafasi ipo. Yangu tu si ya kugawa.

Ile tiketi ya Jumamosi nimeshawaambia wakala waifute. Nitarudi Desemba, mzigo ukiwa umeshafika sokoni, kwa tiketi nitakayokata mwenyewe. Nitaingia kwa mlango wa mbele, nitamsalimia mume wangu kwa magoti, halafu tutakaa kwenye viti tuongee. Nampenda Didas, ujue. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Sasa nakuomba jambo, na ni zito, ndiyo maana nimezunguka kote huku kabla ya kulisema. Kikao cha ukoo ni mwanzoni mwa Novemba. Watakuita, kwa sababu wewe ndiye uliyenikabidhi kwao. Watakuambia umtoe Imelda. Usimtoe, Shangazi. Sema mama yake anakuja Desemba. Sema hivyo tu. Wakipiga kelele, sema tena. Najua nakutuma mahali ambapo mimi mwenyewe sipo, na goti lako ni bovu, na Didas ndiye anayekuletea sukari. Kama huwezi, nitajua uliogopa, na sitakulaumu, maana mimi pia wiki ile nilipanga sanduku. Lakini mtoto wangu akitoka kwako, hiyo tiketi ya Desemba nitaikatia nini?

Nisalimie baba, na Mama Dainess, na Padri. Mwambie binamu Dismas zile betri hazikupatikana. Mbusu Imelda mashavu yote mawili, na umwite kwa jina lake lote, siyo "mtoto wa Didas" kama wanavyomwita kule dukani. Mungu akuongezee siku, na akupe usingizi mzuri usiku wa kuamkia kikao.

Jambo la mwisho. Senene watakuwa wameshaanguka wakati huo. Zamani walikuwa mwiko kwa wanawake; siku hizi tunakula, nyumbani, lakini kwenye kikao cha ukoo bakuli bado linazunguka kwa wanaume tu, na ninyi mliowakaanga mnakaa mkekani. Unakumbuka ulichonisimulia tukinyonyoa mbawa, mimi nikiwa mdogo kama Imelda? Kwamba babu alikukuta na mguu wa senene kwenye mdomo, akakuchapa mbele ya ndugu zako wote. Nikakuuliza, ulilia? Ukasema, "Nililia. Lakini nilikuwa nimeshameza." Ukachukua mmoja wa moto kwenye kikaango, ukanitia mdomoni.

Basi wakikuuliza Felisia ukaidi huu kaupata wapi, China au kwenye vitabu vya Wahindi, usiwajibu. Nyoosha mkono kwenye lile bakuli, chukua senene mmoja, utafune taratibu, wote wakuone.

Mimi niliyeumeza ukaidi huo kwako,
akupendaye siku zote,

Felisia